Itifaki za Mawakala wa Kompyuta na Suala la Nani Hufungwa na Makubaliano

Katika madarasa ya itikadi na katika vyuo, neno "wakala" limeanza kutumika kwa maana mpya, na makada wengi huuliza maana hiyo ni ipi. Kwa watu waliolelewa katika lugha ya siasa neno hilo halina sifa njema. Wakala alikuwa mtu wa kampuni ya kigeni aliyenunua pamba ya mkulima kwa bei ambayo mkulima hakushiriki kuipanga. Na alipotajwa pamoja na ubeberu, wakala alikuwa kibaraka. Madhumuni ya makala hii ni kueleza wakala wa kompyuta ni kitu gani, mawakala wanapozungumza wao kwa wao huongozwa na kanuni za namna gani, na kwa nini kanuni hizo hapana budi ziandikwe kwa lugha ya hisabati badala ya kuachwa katika maneno ya kawaida. Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la mafundi. Lakini mahali popote panapofanywa makubaliano ya mali na kazi, papo pia swali la nani amefungwa na makubaliano hayo, na swali hilo halikuwa la mafundi peke yao hata siku moja.

WAKALA NI NANI, NA UHURU WAKE NI UPI

Wakala wa kompyuta ni programu iliyopewa lengo, ambayo hupokea habari za mazingira yake, huamua yenyewe hatua ya kuchukua, na hutenda bila kungoja amri ya mtu kwa kila hatua. Mawakala husemwa kuwa wametawanyika iwapo kila mmoja yuko katika mashine yake, ana kumbukumbu yake, na hakuna saa moja wala ubongo mmoja unaowaongoza wote. Njia pekee waliyo nayo ya kujua mambo ya wenzao ni kutumiana ujumbe. Na ujumbe huo waweza kuchelewa, kupotea, kufika mara mbili, au kufika wa pili kabla ya wa kwanza.

Husemwa pia kwamba mawakala hawa ni huru. Hapa kada lazima awe mwangalifu. Uhuru unaozungumzwa ni uhuru wa kuchagua hatua, si uhuru wa kujimiliki. Kila wakala ana mwenyewe: benki, kampuni ya usafirishaji, idara ya serikali, jeshi. Mawakala wawili wanapopatana bei, wanaopatana kwa kweli ni wenye mali wawili, kila mmoja akiwa amejificha nyuma ya mashine yake. Mtu anayesema "kompyuta imeamua" ameruka swali la kwanza, yaani kompyuta ya nani, na kwa faida ya nani.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wa tatizo hili karibu naye, ingawa mifumo yenyewe si mawakala kwa maana kamili. Mwaka 2014 baadhi ya makampuni ya simu nchini yalianza kupatana ili fedha zitumwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja. Mfumo wa kwanza hupunguza salio la mtumaji, kisha huuarifu mfumo wa pili uongeze salio la mpokeaji. Sasa tuseme jibu halikurudi. Je, ujumbe ulipotea ukienda, au jibu ndilo lililopotea likirudi? Mfumo uliotuma hauwezi kujua. Ukituma tena, fedha zaweza kuingia mara mbili. Usipotuma, zaweza kubaki hewani, na anayeumia ni mama muuza samaki anayengojea fedha hizo ili aende mnadani. Dawa yake ni rahisi kuitaja: kila muamala upewe namba yake, na mfumo wa pili ukipokea namba ile ile mara mbili usiongeze salio tena, bali urudie jibu lake la kwanza. Lakini dawa hiyo hufaa tu ikiwa pande zote mbili zimekubaliana juu yake mapema na kwa maana ile ile. Makubaliano ya aina hiyo ndiyo huitwa itifaki.

KWA NINI MANENO YA KAWAIDA HAYATOSHI

Itifaki husema nani aweza kutamka nini, kwa nani, wakati gani, na akishatamka amefungwa na jambo gani. Kuibainisha kwa njia rasmi ni kuiandika kwa lugha ambayo kila alama ina maana moja tu. Faida yake ni kwamba wahandisi wawili ambao hawajapata kuonana waweza kuunda mawakala watakaoelewana; na tena itifaki yenyewe yaweza kuchunguzwa na kuonekana makosa yake kabla shilingi moja haijapita ndani yake.

Chukua sentensi hii, ambayo katika barua ya ofisi ingepita bila kuulizwa: "Mkandarasi atajibu kabla ya muda kwisha." Muda utakwisha kwa saa ya nani? Jibu liwe limetumwa kabla ya muda huo, au liwe limepokelewa? Katika mkutano wa tawi maswali kama haya humalizwa na mwenyekiti. Miongoni mwa mashine zilizotawanyika hakuna mwenyekiti, wala hakuna "sasa" moja. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo wa namna hiyo tunachoweza kutegemea ni mpango wa kutangulia na kufuata unaotokana na ujumbe wenyewe: kutuma hutangulia kupokea. Matukio mawili yasiyounganishwa na ujumbe wowote hayana la kwanza wala la pili.

Pia kuna suala la wingi. Wakala mmoja akiwa na hatua 10 za kufanya na mwenzake 10, na hakuna anayemngoja mwingine, hatua hizo zaweza kuchanganyika kwa njia 184,756. Wakiwa watatu, njia hizo hupita trilioni tano na nusu. Mhandisi anayejaribu mfumo wake mara elfu moja na kuridhika hajaona hata ukingo wa mambo yawezayo kutokea. Ndiyo maana wataalamu walitafuta hisabati ya kushughulikia njia zote kwa pamoja. Carl Adam Petri wa Ujerumani alitoa nyavu zake mwaka 1962. Amir Pnueli alileta mantiki ya wakati katika uchunguzi wa programu mwaka 1977. Tony Hoare wa Uingereza alieleza mwaka 1978 namna ya kuandika michakato inayowasiliana. Na Robin Milner akafuata mwaka 1980 na hisabati yake. Juu ya misingi hiyo zilijengwa programu za ukaguzi, ambazo hupewa itifaki na sharti, nazo hupitia hali zote ziwezazo kufikiwa zikitafuta moja inayovunja sharti hilo.

Masharti yenyewe ni ya aina mbili, na mwanafunzi asiyatenganishe na asiyachanganye. La kwanza husema kwamba jambo fulani baya lisitokee kamwe. La pili husema kwamba jambo fulani jema hatimaye lazima litokee. Wakala asiyefanya chochote hutimiza sharti la kwanza kikamilifu! Katika uongozi wa watu pia tumewaona viongozi wa namna hiyo.

ZABUNI NA MALORI MAWILI

Itifaki iliyojulikana zaidi katika uwanja huu ni wavu wa mikataba, iliyotolewa mwaka 1980 na Reid G. Smith, ambaye wakati huo alikuwa katika taasisi ya utafiti wa ulinzi nchini Kanada. Mfano aliotumia ulikuwa wa vifaa vilivyotawanywa katika eneo pana ili kutengeneza ramani ya mwendo wa magari. Asili hiyo ya kijeshi isisahauliwe, ila pia isitutishe: itifaki yenyewe si kitu kingine ila zabuni, ambayo kila mtunza ghala wa chama cha ushirika anaifahamu. Mwenye kazi hutangaza kazi; mwenye uwezo huleta zabuni; mwenye kazi hulinganisha na kumpa mmoja; aliyepewa hufanya na kuleta taarifa. Mwaka 2002 shirika la FIPA, lililoundwa mwaka 1996 ili kuweka viwango vya mawakala, lilipitisha muundo wake rasmi: tangazo liwe na muda wa mwisho, anayealikwa alete zabuni au akatae, mwenye kazi akubali au akatae zabuni, na aliyekubaliwa atoe taarifa ya kumaliza au ya kushindwa.

Ukiisoma juu juu huoni kosa. Basi tuitie katika kazi. Vijiji viwili, A na B, kila kimoja kina wakala wake, na kila kimoja kinahitaji malori mawili ili kuondoa pamba. Malori yaliyopo ni mawili tu, na kila lori lina wakala. Tuongeze kanuni mbili ambazo mtu yeyote angeziona za haki: lori lililoleta zabuni halitaleta nyingine mpaka lijibiwe, na kijiji hakitajibu mpaka zabuni zitoshe. Lori la kwanza linapokea tangazo la A kabla ya jingine na kuleta zabuni kwa A. Lori la pili linapokea la B kwanza na kuleta kwa B. A anangoja zabuni ya pili. B anangoja zabuni ya pili. Malori yanangoja majibu. Hakuna aliyevunja kanuni, hakuna aliyedanganya, wala mashine haijaharibika. Na pamba itanyeshewa hapo hapo.

Mtu atasema: zabuni iwe na muda, ukipita lori liwe huru. Sawa, mkwamo utafunguka. Lakini baada ya kufunguka, lori la kwanza laweza kurudi tena kwa A na la pili kwa B, na mchezo ukarudiwa bila mwisho. Sasa hakuna mkwamo, ila pamba bado haijaondoka: sharti la kwanza limetimia, la pili halikutimia. Dawa iliyo imara zaidi ni kuyapa malori namba na kuweka kanuni kwamba kila kijiji kitaomba lori la kwanza kabla ya kuomba la pili. Hapo atakayelipata la kwanza hatakuta mwenzake ameshika la pili, atachukua yote, atamaliza na kuyaachia. Angalia lakini gharama ya dawa hii. Imehitaji mpango mmoja wa namba uliokubaliwa na wote. Mawakala wanaofuata faida zao peke yao hawakuweza kuuzaa mpango huo ndani ya soko; ilibidi utoke katika makubaliano yaliyotangulia soko.

KILICHO MOYONI NA KILICHOSEMWA BARAZANI

Hapa ndipo penye mzozo mkubwa wa nadharia, nami naona unastahili nafasi zaidi kuliko mengine. Wakala anapotuma ujumbe "nakuarifu kwamba lori limefika", ujumbe huo una maana gani? Wataalamu wa kwanza walikwenda kwa wanafalsafa wa lugha, hasa J. L. Austin, ambaye kitabu chake kilichotoka mwaka 1962 kilieleza kwamba kusema ni kutenda: anayeahidi hatoi habari tu, bali amefanya jambo. Hilo lilikuwa wazo zuri. Lakini FIPA ilipotafuta kulieleza kwa hisabati iliingia katika nia na imani za wakala. Kwa mujibu wa maelezo yake, anayearifu lazima yeye mwenyewe aamini kwamba habari ni ya kweli, akusudie mpokeaji aiamini, na awe haamini kwamba mpokeaji tayari ana maoni juu yake.

Mwaka 1998 Munindar Singh alitoa ukosoaji ambao mpaka leo haujapata jibu la kuridhisha. Alisema: mawakala ni mali ya watu mbalimbali, na kila mmoja hujenga wa kwake kwa siri. Nani ataingia ndani ya programu ya mwenzake kukagua kwamba aliamini alichosema? Kanuni isiyoweza kukaguliwa haiwezi kuwa kanuni ya umma. Badala ya nia, akapendekeza ahadi. Ahadi ina pande nne: mdaiwa, mdai, sharti, na jambo linaloahidiwa. Ahadi huzaliwa kwa ujumbe uliotumwa hadharani, na hutimizwa, hufutwa, husamehewa na mdai, au huhamishiwa kwa mwingine kwa ujumbe mwingine wa hadharani. Hakuna haja ya kujua moyo wa mtu. Fungua daftari la ujumbe, hesabu ahadi zilizozaliwa na zilizotimizwa, na zilizobaki ni deni.

Kada aliyewahi kuwa katibu wa kikao ataelewa upesi. Muhtasari hauandiki kwamba ndugu fulani alikusudia kwa dhati. Huandika kwamba ndugu fulani alikubali kupeleka taarifa kabla ya tarehe fulani. Kikao kinachofuata hufungua muhtasari huo. Waliotetea nadharia ya nia hawakuwa wajinga, maana mawakala waliojengwa na taasisi moja waweza kweli kujuana undani, na hapo nadharia yao hufanya kazi. Lakini ilidhani umoja wa maslahi mahali pasipo na umoja huo. Kati ya kampuni mbili zinazoshindana, kuiuliza mashine kama iliamini ilichosema ni kumwuliza mfanyabiashara kama bei yake ni ya haki.

MIAKA KUMI NA SABA

Kama bado yupo anayedhani kwamba watu wenye akili wakiisoma itifaki kwa makini inatosha, na atazame historia hii. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walitoa itifaki ya mashine mbili kutambulishana kwa kutumia kufuli za siri. Kiini chake ni ujumbe mara tatu. A humtumia B jina lake na namba mpya ya siri, vyote vikiwa vimefungwa kwa kufuli ambalo B peke yake hulifungua. B hurudisha namba hiyo pamoja na namba yake mwenyewe, zikifungwa kwa kufuli la A. A hurudisha namba ya B ikiwa imefungwa kwa kufuli la B. Sasa kila mmoja amehakikisha mwenzake, maana nani mwingine angeweza kufungua?

Mwaka 1995, miaka 17 baadaye, Gavin Lowe wa Uingereza alionyesha tundu, na mwaka 1996 akaonyesha namna programu ya ukaguzi ilivyoweza kulifikia yenyewe. Tuseme A anaanza mazungumzo halali na wakala wa tatu, ambaye ni mlaghai. Mlaghai anafungua ujumbe wa A, anaufunga upya kwa kufuli la B, na kumpelekea B kana kwamba A ndiye aliyeutuma. B anajibu kwa kufuli la A. Mlaghai hawezi kulifungua, kwa hiyo anampelekea A jinsi lilivyo. A anaona namba yake imerudi, anadhani jibu limetoka kwa yule aliyeanza kuzungumza naye, na anairudisha namba ya B ikiwa imefungwa kwa kufuli la mlaghai. Mlaghai anaifungua, anaifunga kwa kufuli la B, na B anasadiki kwamba anazungumza na A. Hakuna kufuli lililovunjwa. Dawa ilikuwa neno moja tu: katika jibu lake B ataje pia jina lake. A akingoja jina la mlaghai na kuona la B, atasimama.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kampuni ya Amazon, ambayo wahandisi wake walieleza mwaka 2015 kwamba kwa kutumia lugha ya TLA+ ya Lamport waligundua kosa la kupoteza data katika hifadhi yao ya DynamoDB. Njia fupi kabisa ya kulifikia kosa hilo ilikuwa na hatua 35, nalo lilikuwa limepita katika mapitio na majaribio ya kawaida. Mabepari hawakugharimia mantiki kwa kupenda falsafa. Waliigharimia kwa sababu mkwamo ni hasara.

MIPAKA, NA NANI ANAANDIKA KANUNI

Isidhaniwe kwamba hisabati humaliza kila kitu. Ukaguzi huthibitisha maelezo ya itifaki, si waya na umeme. Tena kuna mambo ambayo hayawezekani kabisa. Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba ikiwa ujumbe waweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, na hata wakala mmoja tu aweza kufa kimya, hakuna itifaki isiyotumia bahati nasibu iwezayo kuhakikisha kwamba waliobaki watafikia uamuzi mmoja. Lamport na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1982 kwamba kumvumilia msaliti mmoja, pasipo sahihi zisizoghushika, kunahitaji washiriki wanne; watatu hawatoshi. Muuzaji anayetangaza mfumo usioweza kukosea kamwe ama hajayasoma haya au anatumaini kwamba mnunuzi hajayasoma.

Tangu mawakala wanaotumia mifano mikubwa ya lugha waenee, suala limerudi kwa nguvu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa itifaki ya kuunganisha mawakala na zana na data. Aprili 2025 Google ikatoa nyingine ya mawakala kuzungumza wao kwa wao, na Juni mwaka huo ikaikabidhi kwa Linux Foundation. Nyaraka hizo ziko wazi, yeyote aweza kuzisoma, na hilo ni jambo jema. Lakini hueleza hasa umbo la ujumbe na hali za kazi, kwa maneno ya kawaida na kwa majedwali ya data. Nani ni mdaiwa wakala anapokubali zabuni, na ahadi hiyo hufutwaje, haya huachwa kwa wenye mawakala. Na mawakala wenyewe sasa huandikiana kwa lugha ya watu, ambayo ndiyo ile ile ya "kabla ya muda kwisha".

Kwa hiyo idara au chama cha ushirika kinaponunua mfumo wa kununua mazao kwa njia ya mawakala, maswali yaliyo halali si ya kasi ya mashine tu. Itifaki imeandikwa wapi, na kwa lugha gani? Masharti gani yamekaguliwa, na kwa kudhani nini kuhusu ujumbe unaopotea? Daftari la ujumbe linatunzwa na nani, na mkulima anaruhusiwa kulifungua? Katika wavu wa mikataba pana mahali maalumu pa kutazama kwanza, yaani kipindi kati ya zabuni kutumwa na jibu kupokelewa. Katika kipindi hicho mkulima ameshika mazao yake kwa ajili ya mnunuzi mmoja, wakati mnunuzi bado hajafungwa na chochote, na urefu wa kipindi hicho huwekwa na yule aliyeandika tangazo.